Yowe la Uongo

Nyumba yangu ipo Tinde, hatua kama mia tatu kutoka njia panda. Kwa asiyeijua Tinde, hapo ndipo barabara itokayo Nzega inapogawanyika: tawi moja huenda Shinyanga mjini na Mwanza, jingine huenda Isaka na Kahama, na mbele ya hapo Rwanda na Burundi. Basi wengi waendao kutafuta riziki kwenye dhahabu ya Kahama na Geita, na malori ya makontena, na zile gari ndogo tuziitazo michomoko zilizojaza abiria mpaka kwenye buti, wote hupita mbele ya baraza yangu. Na wote hupiga honi.

Mwezi uliopita niliketi barazani alfajiri, daftari mkononi, nikamwomba mjukuu wangu anisaidie kuhesabu. Hatukuhesabu tu. Kila honi iliyolia tulijiuliza imelia kwa nini, tukaandika. Basi limemsalimu basi mwenzake. Mchomoko umeita abiria ambao hawakuwapo. Bodaboda amemwita binti anayekwenda kisimani, na binti hakumtazama. Lori limemfokea mwenye baiskeli aliyekwisha kuwa pembeni. Dereva mmoja, naapa, alikuwa akiufuatisha wimbo wa redioni. Kabla chai haijapoa ukurasa ulikuwa umejaa. Honi zilizolia kwa sababu palikuwa na hatari zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mbuzi. Ya pili ilikuwa ya mtoto wa shule, na mtoto yule, ndugu msomaji, hakugeuka. Tangu azaliwe amekuwa akisikia honi kama anavyosikia upepo. Dereva akakanyaga breki, matairi yakalia, na hapo ndipo mtoto aliposhtuka akaruka kando. Aliokolewa na mlio wa matairi.

Ndiyo maana naandika. Wapo watakaosema kwamba mzee amestaafu, amekosa wanafunzi wa kuwakemea, sasa anakemea magari. Na waseme. Nimekemewa na wakaguzi wa shule wa kila namna, sitashindwa kukemewa na makondakta.

Sisi Wasukuma tunajua thamani ya sauti. Kabla ya simu, na kabla polisi hawajapata namna ya kufika vijijini, tulikuwa na mwano, yaani lile yowe la hatari. Ukiusikia unaacha jembe shambani, unaacha ugali jikoni, unatoka na fimbo yako kufuata sauti inakotoka. Huulizi kwanza. Sungusungu walipoanza huku kwetu, upande wa Kahama na majirani zake, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipokuwa umetushinda, kazi yao yote ilisimama juu ya yowe na filimbi. Asiyeitikia alitozwa faini. Lakini nakumbuka pia kijana mmoja wa kijiji nilichokuwa nikifundisha, aliyepiga yowe usiku wa manane ili awacheke watu wakikimbia na mashuka yao. Mtemi wa sungusungu hakucheka. Kijana alitozwa mbuzi. Baba yake alilalamika kwamba hakuna aliyeumia. Mzee mmoja akamjibu: "Atakayeumia ni yule atakayeibiwa kesho, sisi tukidhani ni mwanao."

Honi ya gari ni mwano. Haikuwekwa kwenye usukani ili dereva apate mdomo wa pili. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani uliotiwa sahihi Vienna mwaka 1968 unasema waziwazi, katika kifungu cha 28, kwamba honi hutumika kutoa onyo ili kuepusha ajali, na nje ya miji pia kumjulisha dereva anayetaka kupitwa. Wala isilie kuliko inavyohitajika. Salamu hazimo. Kuita abiria hakumo. Uingereza, tangu mwaka 1934, ilikataza kupiga honi usiku katika maeneo wanayoishi watu, kuanzia saa 5:30 usiku hadi saa 1 asubuhi. Paris nao wakapiga marufuku honi zisizo za lazima mwaka 1954, na wengi walitabiri kwamba watu watakufa barabarani kama kuku. Jiji la Paris lipo hadi leo. Sisi wenyewe hatukukosa sheria: ya usalama barabarani tunayo tangu 1973, ya mazingira tangu 2004, na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo tangu 2015. Karatasi tunazo.

Lakini kabla sijaendelea kuwasema wengine, nina deni langu mwenyewe, na sitakuwa mwaminifu nisipolitaja.

Mwaka 1993 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, baada ya kuwa mwalimu mkuu katika shule kadhaa. Chuo kilikuwa na Land Rover moja ya zamani iliyobeba mahindi, wagonjwa, mishahara na mimi. Dereva wake, mtu mkimya, alikuwa na daftari la safari, na kila Jumatatu aliliweka mezani kwangu nilitie sahihi. Juma la kwanza aliandika, kwa mwandiko wake wa kulala: Honi hailii. Nikatia sahihi. Juma la pili akaandika vilevile, nikatia sahihi. Juma la tatu akaandika tena, na safari hii nikaongeza kwa wino mwekundu, kama nilivyozoea kusahihisha insha: Isubiri fungu la robo ijayo. Moyoni nilisema honi si injini wala si breki, gari linakwenda.

Juma la nne, akirudi kutoka mjini, alimkuta mzee akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Mzee alikuwa pembeni kabisa, lakini mzigo ulimziba asiweze kuona nyuma, na upepo wa Agosti ulikuwa ukimpiga usoni, ukiurudisha mlio wa injini kule lilikotoka gari. Mbele yake palikuwa na shimo. Dereva aliliona shimo akajua kwamba mzee atalikwepa kwa kuingia barabarani. Akabonyeza honi huku akikanyaga breki. Akabonyeza tena. Aliniambia baadaye kwamba alibonyeza mpaka kiganja kikauma. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kwa kila sekunde moja, na hata lile la kwetu, ambalo halikuwa na mbio hizo, lilikuwa na mbio za kutosha. Mzee akalikwepa shimo.

Alifia njiani kwenda hospitali, ndani ya Land Rover ileile. Nilikwenda msibani, nikakaa na wanaume chini ya mwembe, nikapewa uji. Hakuna aliyenilaumu, maana hakuna aliyejua habari za daftari. Dereva alijua. Aliandikishwa maelezo yake mara mbili na hakutaja sahihi zangu. Sikumwomba anifichie, wala sikumwambia asinifichie.

Fundi aliyeifungua honi ile siku chache baadaye hakubadilisha kitu. Waya unaorudisha umeme kwenye bodi ulikuwa umeshika kutu pale ulipofungwa. Akausugua kwa kipande cha msasa, akakaza boliti, akabonyeza, na honi ikalia mpaka wanachuo wakachungulia madirishani. Kazi haikufika dakika kumi, na gharama yake ilikuwa soda niliyomnunulia. Ule msasa ndio niliokuwa nimeupangia fungu la robo ijayo.

Kwa hiyo anayeniambia, "Mzee, wewe huijui faida ya honi," namwomba anyamaze kidogo. Naijua faida yake kuliko yeye. Tangu mwaka ule nimejifunza honi kama mwanafunzi anayekaribia mtihani, na kila fundi niliyemkuta chini ya gari nimemsumbua kwa maswali.

Honi ya kawaida, ile bapa kama kisahani, ndani yake ina sumaku ya umeme na bamba jembamba la chuma. Ukibonyeza, umeme unapita na sumaku inalivuta bamba. Bamba likivutwa linaachanisha platini, umeme unakatika, bamba linarudi, platini zinagusana, bamba linavutwa tena. Hutokea hivyo mamia ya mara kwa sekunde. Katika magari mengi madogo kiasi cha mara 400 kwa honi nene na 500 kwa nyembamba, ndiyo maana hufungwa mbili ili sauti zao zioane. Ndugu yake ni ile iitwayo konokono, ambayo sauti yake hupita kwenye bomba lililojikunja kama gamba, ikatoka nzito na ya mviringo. Magari madogo hutumia volti 12, malori na mabasi volti 24, na anayefunga ya 12 kwenye 24 ajiandae kununua nyingine.

Kitu hiki ni cha zamani. Mwaka 1908 kampuni ya Lovell-McConnell ya Newark, Marekani, ilianza kuuza honi ya umeme iliyobuniwa na Miller Reese Hutchison, wakaiita Klaxon. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi mpaka leo huiita honi klaksoni. Huyo Hutchison ndiye pia aliyetengeneza kifaa cha umeme cha kuwasaidia wasiosikia vizuri. Watani wake walisema kwamba amebuni honi ili awaharibu watu masikio, kisha awauzie kile kifaa. Ulikuwa utani, lakini mtu akikaa stendi ya Katoro siku ya gulio anaweza kuuamini. Wajerumani wa Hella walianza mwaka 1899 wakitengeneza taa na honi; Bosch wakaingiza yao mwaka 1921; Waitalia wana FIAMM, Wajapani wana Denso, na Wahindi wa Coimbatore wana Roots. Magari ya mitumba tunayoyanunua kutoka Japani huja na honi zake njema kabisa, na mara nyingi jambo la kwanza anachofanya mnunuzi ni kuzing'oa.

Iko kanuni ya Umoja wa Mataifa, Na. 28, inayohusu honi za magari. Inataka gari likipimwa kwa umbali wa mita 7 honi yake isipungue kiwango cha chini kilichowekwa wala isizidi desibeli 112. Nimeupenda sana uandishi huo. Walioutunga walijua kwamba honi inaweza kukosea kwa njia mbili: kulia kidogo mno, na kulia kupita kiasi. Kosa la kwanza nimelitenda mimi. La pili linatendwa mbele ya baraza yangu kila siku, nami nasema yote mawili yana damu.

Hebu nieleze la pili linavyouzwa. Mjukuu wangu ana pikipiki ya Boxer, na honi yake ilianza kukwaruza kama mtu mwenye mafua. Tukaenda Kahama kwa muuza vipuri. Kijana wa dukani alikuwa na adabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka honi ya Boxer, ya kawaida."

"Babu, ya kawaida ya nini? Chukua hii. Ukiipiga, njia nzima inakuwa yako."

Akanipangia juu ya meza: inayobweka kama mbwa, inayolia kama treni, inayoiga king'ora cha polisi, na moja, nisamehe msomaji, inayolia kama mtoto mchanga. Nikamwuliza: nikiifunga hii ya mtoto, watu wakaizoea, siku mtoto wa kweli akilia kando ya barabara nani atatoka? Akacheka, akasema babu ana utani. Sikuwa na utani. Alikuwa ananiuzia yowe la uongo kwa bei ya jogoo.

Na king'ora? King'ora ni cha gari la wagonjwa, la zimamoto, la polisi. Anayekifunga kwenye mchomoko wake ili apishwe amemwibia mgonjwa asiyemjua. Tutafika mahali ambapo gari la wagonjwa litalia na madereva watasema, "Huyo naye anawahi abiria."

Niliigeuzageuza ile ya treni nione ilikotengenezwa. Boksi lilikuwa na jina la kampuni maarufu ya Ulaya likiwa limepungukiwa herufi moja. Nyaya zake zilikuwa nene kuliko zile za pikipiki, na hilo lilinitisha kuliko mlio. Waya wa chombo ulipimwa kwa honi ya chombo. Ukiongeza honi inayokula umeme zaidi bila rilei na bila fyuzi yake, waya wa zamani unapata moto ndani ya ganda lake taratibu, na siku ukiwaka, watu watasimulia habari za petroli.

Lakini hayo ya pikipiki ni madogo. Yanayoninyima usingizi, nasema kwa maana mbili, ni honi za upepo kwenye mabasi na malori. Hizi hazitumii bamba la sumaku. Hupulizwa kwa upepo uliosindikwa, na nyingine zimepangwa tarumbeta tano sita zipige wimbo. Upepo huo unatoka wapi? Lori na basi kubwa hutumia breki za upepo. Injini inaendesha kompresa, kompresa inajaza mitungi, na mitungi ndiyo inayosukuma breki za magurudumu. Fundi mwaminifu, akitaka kufunga honi ya upepo, huweka mtungi wake wa pembeni na valvu inayofunga njia upepo wa breki ukianza kupungua. Fundi wa haraka hutoboa paipu iliyo karibu, akachomeka mpira, akafunga kwa waya. Kuanzia hapo kila wimbo unaopigwa ni breki inayopunguzwa, na ule mpira ukivuja, unavuja usiku na mchana. Sasa mtu huyu anashuka mlima Sekenke na abiria wake wamelala, ameshakanyaga breki kona ya kwanza na ya pili, anakutana na basi la rafiki yake linapanda, anampigia wimbo mzima. Nani kati ya abiria wale amelipia tiketi ili upepo wa breki zake uimbiwe rafiki?

Wala sisimulii ndoto. Indonesia, mwaka 2016, honi za nyimbo kwenye mabasi zilikuwa mchezo wa nchi nzima. Watoto walijipanga kando ya barabara wakiwaomba madereva wapige. Mwaka 2024, baada ya mtoto kufa akilifuata basi ili lipige honi, wizara yao ya uchukuzi ikataka honi hizo zikatazwe, na sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa hiyohiyo ya kula upepo wa breki. Sisi tunawapigia makofi.

Nimesikia utetezi wao. Wa kwanza, na ndio wenye uzito, ni huu: watu wa huku hawapishi, usipopiga honi utaua. Nakubali kwamba hawapishi. Nauliza kwa nini. Tunaokumbuka klorokwini tunajua jibu. Tuliinywa kwa kila homa, kwa kila kichwa kuuma, wengine nusu dozi, wengine bila kupima, na mdudu wa malaria akazidi kuizoea mpaka mwaka 2001 nchi yetu ikalazimika kuiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Haikuwa dawa mbaya. Ilikuwa imetumika vibaya. Dereva anayepiga honi mara arobaini kati ya Tinde na Isaka anatoa nusu dozi arobaini, kisha anashangaa kwamba mgonjwa haponi, na anachofanya ni kununua honi kubwa zaidi. Wazee walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ng'ombe huyo ndiye yule mtoto wa shule niliyemtaja.

Utetezi wa pili ni wa furaha: harusi, Simba na Yanga. Siku moja moja nitavumilia, mradi msafara usipite mbele ya hospitali.

Anayedhani kwamba dereva wa Kitanzania hawezi kufundishika aende kwenye migodi. Kijana niliyemfundisha, sasa mtu mwenye mvi, aliendesha malori ya kubebea mawe katika mgodi mmoja mkubwa wa ukanda huu wa dhahabu. Alinieleza kanuni ambayo imezoeleka migodini katika nchi nyingi: kabla ya kuwasha injini unapiga honi mara moja, kabla ya kwenda mbele, mara mbili, kabla ya kurudi nyuma, mara tatu. Mtu aliye nyuma ya lori kubwa kuliko nyumba, asiyeonekana kwenye kioo chochote, akisikia tatu anajua maisha yake yanamtaka aende wapi. Nikamwuliza, "Na kumsalimu mwenzio?" Akasema, "Mwalimu, ungeitwa ofisini siku hiyohiyo." Nikamwuliza tena kama akitoka getini jioni na gari lake alikuwa akiendelea na adabu hiyo. Akatazama chini. Mikono ni ileile na masikio ni yaleyale. Kinachobadilika ni kwamba nje ya geti hakuna anayeuliza.

Hao wasioulizwa ndio walio karibu na watoto wetu. Shinyanga mjini, pale Buhangija, iko shule ambako watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino husoma pamoja na wenzao. Mtoto asiyeona hufundishwa kuvuka barabara kwa kusikiliza: injini inatoka upande gani, inakuja au inakwenda, imepunguza mwendo au la. Sauti ndiyo macho yake. Ukimpigia honi ya treni sikioni umemfumba macho katikati ya barabara. Na kiziwi unampigia ya nini? Hata wanaosikia hawako salama. Wataalamu wa afya ya kazini wanasema sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili. Fanya hesabu kama tulivyokuwa tukiwapa darasa la saba: 88, saa 4; 91, saa 2; 94, saa 1; 97, nusu saa; 100, dakika 15. Kisha umfikirie mama anayeuza mahindi ya kuchoma stendi kuanzia asubuhi hadi usiku.

Ninachodai si kigumu. Mkaguzi wa magari asiridhike kubonyeza na kusikia imelia. Aulize ziko ngapi, afuate paipu kwa mkono wake mpaka ajue upepo unatoka wapi. Mwenye basi asiseme ni mambo ya dereva, kwa sababu risiti ya tarumbeta inasomeka kwa jina lake. Na wewe abiria unayeshangilia wimbo, ukishuka, chungulia chini ya basi.

Na mwenye chombo atunze honi aliyopewa na kiwanda. Vumbi letu la Shinyanga na matope ya Machi ni adui wake wa kwanza, kwa hiyo mdomo wake uelekee chini, maji yasitulie ndani. Ukiosha gari kwa mashine ya maji, usiielekezee. Ikinyamaza, usikimbilie dukani. Tazama fyuzi kwanza, kisha rilei, kisha sugua kwa msasa pale waya unapofungwa kwenye bodi, kisha vichwa vya betri. Ikiwa inakwaruza, nyingi zina skrubu ndogo ya kurekebishia nyuma. Zungusha robo tu, bonyeza kidogo, sikiliza, zungusha tena. Usishikilie kitufe kwa muda mrefu, itaungua. Isigusane na chuma cha pembeni, itanguruma badala ya kulia. Na kama usukani una mfuko wa hewa wa usalama, usiufungue mwenyewe kutafuta waya wa honi; mwachie fundi anayeujua, maana mfuko huo ukilipuka hauchagui uso. Haya yote, ukiondoa la mwisho, hutendwa na mtu mwenye bisibisi na dakika kumi. Mimi niliwahi kuwa na dakika kumi.

Dereva wangu wa zamani bado yu hai, naye amezeeka. Nilimsomea ukurasa ule wa daftari kabla sijauandika humu, nikamwuliza kama ana neno. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama ile Boxer ya mjukuu imeshatengenezwa.

Imetengenezwa. Hatukununua kitu Kahama. Tulirudi nyumbani, tukaifungua honi yake barazani juu ya gazeti, tukatoa vumbi, tukasugua waya, tukaigeuza skrubu robo na robo tena. Mjukuu akabonyeza. Kuku wa jirani wakatawanyika, na mama aliyekuwa akipita na ndoo kichwani akageuka akatutazama. Mjukuu akauliza tuijaribu tena. Nikamwambia inatosha, tumeisikia.